Nani Aliyaona Makaa?

Mwokaji alikwenda kwenye mkutano wa shule na unga masikioni. Alikuwa ameoga, tena kwa sabuni, lakini unga wa mkate una ukaidi wake: hujificha nyuma ya sikio ukingoja mtu avae shati la heshima, ndipo ujitokeze. Bintiye wa kidato cha pili alimpokea mlangoni, akampangusa kwa kiganja haraka haraka kabla wenzake hawajaona. Mwokaji akajua kwamba ameshaanza kuaibisha watu, na hata mdomo hajafungua.

Siku hiyo wazazi na watoto walikuwa wanachagua masomo. Walimu walikaa ukumbini, kila mmoja na meza yake, na kila meza imebandikwa jina la somo. Foleni ya biashara ilifika mlangoni. Kwenye kemia watu walikuwa wanakanyagana, na baba mmoja alishamwahidi mwenziwe kwamba wakitoka nje atamwonyesha. Meza ya historia ilikuwa na mwalimu, kalamu na nzi. Mwalimu mwenyewe, mwanamke mfupi wa makamo, wanafunzi walimwita Umejuaje, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa swali lake kuanzia asubuhi mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Alikaa wima kama mwenye duka asiyetaka majirani wajue kwamba tangu asubuhi hajauza.

Binti akaenda moja kwa moja kwenye meza ya nzi.

"Wewe, foleni yetu ile kule," mwokaji alimnong'oneza, akimvuta mkono wa sare. "Biashara."

"Baba, tumsikilize mwalimu kwanza. Tafadhali."

Watu wakageuka kuwatazama. Kusimama peke yako mbele ya meza isiyo na mtu, mbele ya watu wote wale, si jambo dogo, na mwokaji aliona bora awachekeshe kabla hawajamcheka.

"Mwalimu, sitakaa," alisema kwa sauti ya kusikika. "Mimi naoka mkate. Watu waliokufa hawanunui mkate."

Foleni ya biashara ikaangua kicheko. Mwokaji akaongeza chumvi. "Wahenga walishasema, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Au nasema uongo, ndugu zangu?"

"Kweli kabisa, mzee!"

Mwalimu hakucheka, wala hakukasirika. "Watoto wakipungua zaidi ya hawa nilionao, darasa langu linafungwa mwakani," alisema. "Sikulaumu, mzee. Ila mimi sifundishi waliokufa. Namfundisha mtu asimeze neno kabla hajajua limetoka kwa nani."

"Kwangu mimi watu wanameza mkate," mwokaji akajibu, na ukumbi ukacheka tena.

Akaondoka na ushindi wake. Foleni ilikuwa ndefu mno, kwa hiyo alimpungia mkono mwalimu wa biashara kwa mbali na kumwahidi kwamba Jumatatu atarudi kuthibitisha. Njia nzima binti alitembea mbele, hakumngoja.

Nyumbani kulikuwa na mgonjwa. Mama yake mwokaji alilala chumba cha ndani, miguu imevimba, pumzi zinakuja kwa awamu. Daktari alikuwa amewaambia wampeleke nyumbani wakae naye karibu, na hakuna aliyethubutu kumwuliza maana yake nini, kwa sababu wote walielewa.

Jumapili mchana mwokaji alikuwa anakanda unga wa jioni pale nyuma, kwenye banda la tanuri, wakati mkewe alipokuja na trei za kuosha.

"Kaka yako kapiga simu tena," alisema. "Anaomba nusu saa tu. Amwone mama, aondoke zake."

"Akiingia kwa mlango huu, mimi natoka kwa mwingine."

"Nyumba ina mlango mmoja, baba. Mtagongana."

Mwokaji akalipiga donge la unga kama limemtukana. Mkewe hakutikisika. Ameishi na mwanaume huyu na mkate wake muda mrefu, anajua kipi kinapigwa na kipi kinasikia.

"Na jana huko shuleni nasikia umehutubia," akaendelea. "Yaliyopita si ndwele. Mtaa mzima umenisimulia, wanasema uliwavunja mbavu. Sasa kama yaliyopita si ndwele, mbona kaka yako haji?"

"Hayo ni mengine."

"Ni mengine kweli. Yale ya watu, haya yetu."

Mwokaji akaligeuza donge, akalipiga upande wa pili. Ndipo binti akatokea na daftari, akakaa juu ya gunia la unga, mahali alipokatazwa kukaa tangu utotoni.

"Baba, nina kazi ya shule. Tuchague jambo moja la nyumbani ambalo hatukuliona wenyewe, tueleze limejulikanaje. Mimi nataka kuandika ule moto."

Mkewe akaacha kusugua trei. Jina la moto halikuwa likitajwa ovyo katika nyumba ile. Lakini mwokaji, ajabu, alifurahi. Alijiona amepewa nafasi ya kusema mbele ya mkewe kwa nini mlango ule umefungwa.

"Andika," alisema. "Sheria ya tanuri ni moja tu. Mtu wa mwisho kutoka anayakokota makaa yote, anayatia kwenye pipa la chuma, anafunika. Marehemu babu yako alituchapa kwa sheria hiyo mpaka tukawa tunaiota. Siku ile zamu ilikuwa ya baba yako mkubwa. Akaondoka bila kukokota. Paa likaenda, unga ukaenda, mimi nikabaki nalipa deni la moto nisiouwasha. Wewe ulikuwa unatambaa. Umeandika?"

"Naandika. Umejuaje kwamba hakukokota?"

"Nimejuaje! Watu walimwona akifunga mlango na tanuri bado jekundu."

"Watu gani, baba?"

"Mwulize mama yako. Yeye ndiye aliyeniambia."

"Mimi?" mkewe akageuka, mikono inachuruzika povu. "Mimi nilikuwa kwetu siku ile, na wewe mgongoni. Nimerudi jioni nikakuta majivu. Mama mkwe ndiye aliyeniambia kwamba watu walimwona, nami nikamwambia baba yako."

"Si unaona?" mwokaji akasema. "Mama yako anajua, bibi yako anajua, mimi najua. Watu watatu. Lisemwalo lipo."

Binti akainuka na daftari lake, akaingia ndani. Mwokaji akamfuata na kikombe cha maji ya mgonjwa, ili mtoto asije akamchosha bibi yake. Hicho ndicho kisingizio alichojipa.

"Karibu mke mwenzangu," bibi alisema alipomwona msichana. "Mume wetu keshakwenda zamani, sijui tunagombania nini tena."

"Sijaja kugombana, bibi. Nimekuja kukuuliza habari za ule moto. Nani alikuambia kwamba baba mkubwa aliacha makaa?"

Bibi alivuta pumzi, moja kwa wakati wake. "Nilikuja mbio, hata viatu sina. Nikamkuta fundi baiskeli kasimama pale na ndoo. Akaniambia, mama, mwanao mkubwa kafunga mlango kaacha makaa yanawaka. Nikakaa chini palepale, kwenye matope ya maji ya kuzimia."

"Yeye alimwona?"

"Mtu hasemi neno kama hilo kama hakuona, mke mwenzangu." Akageuza uso ukutani. Baada ya kitambo akasema, wala haikujulikana anamwambia nani: "Na mimi mwanangu sikumwuliza. Nilimwambia tu aondoke mbele yangu. Leo angekuwa hapa ningemwuliza."

Mwokaji hakuyapenda maneno hayo hata kidogo. Aliweka kikombe chini, akatoka, na mlangoni binti akamkuta anamsubiri.

"Kwa hiyo wale watu," binti alisema taratibu, "ni fundi mmoja."

"Mmoja aliyeona anatosha! Funga daftari, twende kwake sasa hivi. Akuambie kwa kinywa chake, swali hili lizikwe leo, na kesho asubuhi tukathibitishe biashara."

Fundi baiskeli alikuwa ng'ambo ya barabara, mahali palepale alipokuwa siku zote, ananyoosha spoku za gurudumu. Alikuwa mzee mwenye macho makini na masikio makini zaidi. Mwokaji alivuka barabara akiwa mbele, kifua wazi, kama mtu anayemleta shahidi wake mahakamani.

"Fundi, hebu mwambie huyu mtoto ulichokiona siku ya moto."

"Nilichokiona?" Fundi alifikiri. "Moto."

"Kabla ya moto, bwana. Kaka akifunga mlango."

Fundi akaliweka gurudumu chini. "Aa, hapo sasa unanionea. Mimi nilitoka ndani niliposikia makelele, na paa lilikuwa limeshakwenda. Kaka yako jioni ile sikumtia machoni kabisa."

"Hukumwona?"

"Sikumwona."

"Sasa mbona ulimwambia mama kwamba kafunga mlango kaacha makaa?"

Fundi akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe uliyeniambia?"

Pikipiki ikapita kati yao na nyumba, na mwokaji akaitazama mpaka ikapinda kona, kana kwamba jibu limepakiwa humo.

"Ulikuja mbio kutoka kule mlikokuwa mmepanga wakati ule," fundi aliendelea, "shati umelivaa nje ndani. Nikakuuliza, kulikoni? Ukasema, ni kaka, kafunga kaacha makaa. Nikajua umeona. Nani atamsemea ndugu yake jambo asiloliona? Mama alipofika nikampa habari kama nilivyoipokea." Akasita. "Au hukuona?"

Mwokaji alilikumbuka lile shati. Alikumbuka mshono ukimkwaruza shingoni wakati wanarusha maji. Alikuwa amelala, wakamgongea dirisha, akakimbia. Hakuwa ameona mlango ukifungwa wala makaa. Alichokiona ni moto, kama fundi, kama kila mtu. Aliulizwa kulikoni na akili yake ikiwa bado usingizini, akatoa jibu lililokuwa karibu: zamu ilikuwa ya kaka, na kitu cha kuunguza banda la mkate ni makaa. Alikisia. Kisha kisio lake likavuka barabara, likaingia kwa mama, likavishwa watu walioona, likamfikia mkewe, na jioni ya siku ileile likamrudia mwenyewe limependeza, naye akalipokea kama habari mpya. Akalia kwa hasira. Tangu jioni hiyo hajamsalimia kaka yake.

"Wahenga walisema," fundi alijitetea, akiokota spoku ambayo haikuwa imeanguka, "ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi nilikwenda kulima, bwana. Sikuuliza tena."

Mwokaji aliona aibu. Nyuma yake ikaja hasira, na kwa dakika nzima hasira ile ilimtazama binti, ambaye kosa lake lilikuwa kushika kalamu. Alitaka kumwambia, umefurahi sasa? Lakini binti hakuwa amefurahi. Alikuwa amefunga daftari na anatazama chini.

"Baba," alisema, "hii haina maana kwamba baba mkubwa hakuacha makaa. Ina maana hatujui tu. Tumeuliza watu wote ambao hawakuwepo. Aliyekuwepo ni mmoja, na hajaulizwa."

"Nenda ndani ukakae na bibi yako," mwokaji alisema.

Yeye hakurudi ndani. Aliondoka vilevile, na ndala, na unga mpaka kwenye viwiko, akiacha donge lililokandwa nusu.

Kaka mkubwa alikuwa mpaka rangi, na alipanga chumba katika safu ya vyumba upande wa pili wa mji. Alifungua mlango akamwona mdogo wake, akashika fremu kwa mikono miwili.

"Mama amekufa?"

"Hapana. Yupo. Amekutaja leo." Mwokaji akainamisha kichwa. "Shikamoo, kaka."

Yule bwana hakuitikia mara moja. Lilikuwa neno ambalo hakulitegemea tena, na ilibidi alitafute jibu lake mahali alipoliweka. "Marahaba," alisema mwishowe. "Ingia."

Chumba kilikuwa safi kupita kiasi. Kitanda, mikebe ya rangi imepangwa kwa ukubwa, brashi zimening'inizwa kichwa chini. Mwokaji alipewa kiti, na kaka mtu akakaa kitandani.

"Chai sina. Kuna maji."

"Hupiki?"

"Nanunua. Siwashi moto ndani." Alisema hivyo kama mtu anayesema hapendi sukari. Mwokaji akazungusha macho, na kweli, jiko halikuwepo, mshumaa haukuwepo, hata kiberiti hakikuwepo.

Akanywa maji yote kwa mkupuo ili ajipe muda. "Kaka, nimekuja kukuuliza. Siku ile ya moto, ilikuwaje?"

"Unaniuliza leo."

"Leo."

"Nani kakutuma?"

"Binti yako. Ana kazi ya shule. Somo la historia."

"Historia?" kaka akastaajabu. "Sisi si walikuwa wanatukaririsha tarehe tu?"

"Na mimi nilidhani ni tarehe. Kumbe wanafundishwa kufuatilia neno limetoka wapi. Amelifuatilia hili letu, kaka, kwa mama yake, kwa mama, kwa fundi baiskeli, na limekuja kuishia kwangu. Mimi ndiye niliyelianza. Sikuona kitu. Nilikisia, nikasahau kwamba nilikisia."

Nje mtu alikuwa anamfokea mtoto aoge. Kaka alipoanza kusema, alisema pole pole, bila chuki, na hilo lilimwumiza mwokaji kuliko matusi.

"Mwaka wa kwanza nilijua kabisa kwamba niliyakokota. Nilikuwa nikifumba macho nayaona yanadondoka pipani. Nasikia mlio wa kifuniko. Nikawa nakungoja uje uniulize nikuambie. Hukuja. Mama kanifukuza, wewe ukiniona unavuka barabara, na kila ninayemwambia ananijibu, lakini watu walikuona. Mwaka wa pili kile kifuniko nikawa sikisikii vizuri. Nikaanza kusema, watu wote hawa watakosea vipi? Labda niliyakokota siku nyingine. Labda mimi ndiye nimesahau." Akatazama mikono yake yenye rangi kavu kwenye kucha. "Sasa ukiniuliza, mdogo wangu, sijui. Ungekuja wakati ule ningekuambia."

Mwokaji alikuwa amejiandaa kwa mambo mawili: kaka akatae, yeye amwombe radhi, au kaka akiri, yeye amsamehe. Hili la tatu hakulijua lina jibu gani. Machozi yalimtoka bila kumwuliza, yakachora njia mbili kwenye unga wa mashavuni.

"Nisamehe kaka," alisema. "Na mimi sijui. Wote wawili hatujui. Vaa viatu, mama anakungoja."

"Na nyumbani kwako? Ulisema nikikanyaga..."

"Nilisema mengi. Jana tu nilisimama mbele ya mwalimu wa watu nikasema upuuzi, na kesho asubuhi itanibidi nirudi pale na huyo mtoto nikauokote. Vaa viatu."

Kaka akavaa viatu. Akavaa na shati safi, akalivua, akavaa jingine. Wakatoka. Akafunga mlango, akautikisa, wakaanza kwenda. Hawajafika hata kwenye bomba la uani, kaka akasimama.

"Nisubiri kidogo."

Akarudi, akafungua, akachungulia ndani, akafunga, akautikisa, akaja. Walipofika kwenye geti akasimama tena. Uso wake ulikuwa na haya, haya za mtu mzima aliyeshikwa na jambo la kitoto.

"Ndivyo ninavyofanya siku zote," alisema. "Nakwenda kuangalia kama nimeacha kitu kinawaka."

Mwokaji akataka kumwambia kwamba chumba kile hakina hata kiberiti. Akajizuia. Alimchukua mkono kaka yake, wakarudi pamoja mpaka mlangoni, naye akaomba ufunguo. Akafungua mwenyewe. Akaingia, akainama chini ya kitanda, akagusa mikebe mmoja mmoja, akaweka kiganja juu ya sakafu na juu ya ukuta, kama anavyoweka juu ya tanuri kila jioni kujua limepoa. Kisha akatoka.

"Hakuna kinachowaka, kaka. Nimeingia nimeona kwa macho yangu."

Kaka mkubwa alimtazama usoni kwa muda, kisha akafunga mlango, wakashika njia ya kwa mama.